Umeme wa Mtani

Jumamosi asubuhi Hidaya alikuwa akibadilisha tundu la chaji la simu ya mwuza mchicha, na kwenye benchi la wateja Sufiani na Evance walikuwa wakigombana kuhusu sarafu za kidijitali. Ndivyo Jumamosi zilivyokuwa katika duka lake la kutengeneza simu pale Morogoro mjini. Wateja walisubiri wamesimama, kwa kuwa benchi lilikuwa na wenyewe.

Sufiani alikuwa fundi wa kompyuta, Mluguru kama Hidaya, na aliamini bitkoini tu. Nyingine zote aliziita vocha zilizokwisha kukwanguliwa. Evance alikuwa Mnyamwezi, akitunza maabara ya kompyuta huko Mzumbe, na hakuamini kitu kinachopiga kelele.

"Huu mtandao hauna bosi," alisema Sufiani. "Mashine zinashindana kutafuta namba. Atakayeipata, wenzake zaidi ya nusu wakikubali, imekwisha hiyo. Ukitaka kudanganya, ufanye kazi kuliko wote. Kazi ndiyo uthibitisho."

"Kazi gani, kubahatisha namba? Hiyo bahati nasibu, ila mnaipika kwa umeme. Wenzenu wa sarafu ya Ithiriamu wameacha kuchimba siku nyingi. Mtu anaweka dhamana mezani, akidanganya inakatwa."

"Kwa hiyo mwenye nacho ndiye hakimu."

"Na kwenu mwenye mashine mia ni nani, fukara?"

Hidaya hakuinua kichwa. "Mimi najua uthibitisho mmoja," alisema. "Umeme wa Luku umeisha tena."

Mkosaji alikuwa chini ya meza. Ilikuwa mashine ya mtumba ya kuchimba bitkoini, ambayo Sufiani aliinunua kwa kuuza pikipiki. Ilivuma kama mashine ya kukoboa, ikatoa joto la kuivisha ndizi, na haikuwa imechimba hata sarafu moja. Hidaya alimpa Sufiani hadi adhuhuri aiondoe.

Wote watatu walikubaliana kwamba mashine ilihitaji baridi, na baridi iko mlimani. Bibi yake Hidaya, Bibi Asia, aliishi Lusangwe, kitongoji kilicho juu ya Mkuyuni, mahali ambapo chai hupoa ukiitazama. Umeme nao ulikuwapo. Kwenye picha aliyopiga Hidaya siku ya Idi, nyaya mbili nene zilipita juu kabisa ya paa la bibi. Watu hawa, ambao wangeweza kukueleza mchana kutwa namna ukweli unavyohitaji mashahidi elfu na elfu, waliuthibitisha umeme wa Lusangwe kwa picha moja.

Pikipiki za kukodi ziliwafikisha barabara inapoishia. Kutoka hapo Evance aliibeba mashine kichwani, kwa sababu Sufiani alisema mgongo unamuuma, na walifika wakiwa wamelowa jasho na ukungu.

Nyaya zilikuwapo. Zilikwenda kwenye mnara wa simu kileleni, na njiani hazikushuka kwa mtu yeyote.

"Hizo?" alisema Bibi Asia. "Hizo zinapita tu, kama wakubwa."

Watu wa Lusangwe walikwisha kuomba, wakapimwa, wakaambiwa wako kwenye foleni. Jirani, kwenye zahanati ya kitongoji, kulikuwa na friji ya chanjo waliyoletewa na wafadhili. Nesi Magreth alihifadhia humo mbegu zake za mahindi, maana panya hawakuweza kuifungua. Chanjo zenyewe alizifuata Mkuyuni kwa miguu na boksi la barafu begani, na mvua ikiharibu njia, watoto walikosa. Sasa alikuwa ameambiwa kwamba zahanati isiyo na friji inayofanya kazi itafungwa mwisho wa masika yajayo. Kina mama watateremka wenyewe Mkuyuni, na wajawazito vivyo hivyo. Magreth aliyasema haya huku akiwamiminia wageni chai sebuleni kwa Bibi Asia.

Evance, aliyekuwa amekwisha kuitua mashine, alipiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi wa Tabora, bibi."

Bibi Asia aliweka kikombe chini. Uso ulimnawiri. "Hidaya! Mbona hukuniambia kwamba umeniletea mpagazi? Miaka yote najiuliza mzigo wangu utachukuliwa na nani. Na mbona umetua? Nani kakuruhusu kutua?"

Heshima ikaisha hapo hapo, kama ilivyo haki baina ya watani, Waluguru na Wanyamwezi. "Sikukuona, bibi," alisema Evance. "Babu yangu alipita hapa chini na pembe zake za ndovu, akawaona mmekimbilia mawe kama pimbi. Aliniambia nikipita niwape habari kwamba hatari imekwisha, mnaweza kushuka."

Bibi Asia alicheka hadi akashika ukuta. Magreth akacheka, Hidaya akacheka. Taa ya kijani ya mashine ikawaka, feni zake zikaanza kuzunguka. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

"Imewaka," alisema Hidaya.

"Naona," alisema Sufiani, akachuchumaa na kipima umeme chake. Alieleza kwamba si jambo geni. Ukiizungusha mota kinyume inatoa umeme, na mashine hii mjini ilikula umeme ikatoa kazi, basi huku imepewa kazi nayo inatoa umeme. Magreth aliuliza kama utatosha friji. Sufiani alisoma kipima, akasema wacheke kidogo tena.

Jioni ile Hidaya aliuvuta waya hadi zahanati, na Magreth akahamisha mbegu zake. Friji iliunguruma kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Bibi Asia alimwahidi Evance mkungu wa ndizi kwa kazi ya upagazi, akaongeza kuwa hatautoa leo.

Masharti ya mashine waliyajua taratibu. Utani uliokwisha kutumika haukutoa hata cheche, jambo lililomfurahisha Sufiani kuliko umeme wenyewe. "Haikubali kutumia mara mbili, kama bitkoini!" alipiga kelele. "Si nilisema?" Ilitaka pia wacheke zaidi ya nusu ya waliopo. Na Sufiani alipojaribu mwenyewe kumtania Bibi Asia, taa ilififia, kwa sababu Mluguru kumwambia hivyo bibi wa Kiluguru si utani, ni kukosa adabu. Evance naye alidai ushindi. Mtani huweka uso wake dhamana, alisema, na utani ukidoda, uso umekatwa. Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Evance alirudi kazini Mzumbe, lakini hilo halikuwa tatizo. Mnara ulikuwa juu ya vichwa vyao na mtandao wa Lusangwe ulikuwa mzuri kuliko wa mjini. Kila asubuhi alipiga simu, Bibi Asia akaiweka kwenye spika kando ya mashine, majirani wakaja na vikombe vyao.

"Mpagazi, umeamka? Au mzigo umekulalia?"

"Nimeamka, bibi. Nimeota nimekula ndizi zangu."

"Rudi ulale, umalizie."

Friji ilikwenda. Siku Evance alipokuwa na mafua, waliazima Mzigua mmoja, mtani pia, aliyepita akiuza vyungu, wakamtukana vizuri, akaondoka ameuza vyote. Watoto walichanjwa kwa zamu zao, na Magreth aliota mashavu. Sufiani alikagua pochi yake ya kidijitali kila Ijumaa, akakuta haina kitu, akasikitika kidogo kisha akala. Zilikuwa siku nzuri, na hakuna aliyejidai kutoziona.

Bibi Asia alifariki usingizini mwezi wa nne, masika yamekolea. Alizikwa siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo ndiyo mkaguzi wa zahanati aliyokuwa amesema atakuja. Hakuna aliyemkumbuka ila Magreth. Alisimama mbele ya friji iliyonyamaza, chanjo za kitongoji kizima zikiwa ndani, akiutazama mshale wa kipimajoto ukipanda. Alimtazama Hidaya kwa mbali, asipate kinywa cha kumwambia mfiwa acheke.

Hidaya aliuona uso wake. Alitoka kwa wanawake akamtafuta Evance, aliyekuwa amefika na matope hadi magotini, akakaa kati ya wafiwa akilia kwa sauti.

"Nani kakwambia ulie?" alimuuliza. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamevimba. "Wa kulia ni sisi. Wewe ni mtani, una kazi."

"Siwezi, Hidaya. Nilimpenda."

"Ndiyo maana."

Evance alijifuta pua kwa mkono wa shati. Sufiani alimpigia Hidaya simu, akaiacha hewani akaitia kwenye mfuko wa kanzu, wakafuatana na jeneza hadi makaburini. Hidaya aliiweka simu yake kando ya mashine, na wanawake waliojaa sebuleni wakanyamaza.

Walisikia jeneza likitua kando ya kaburi. Kisha wakasikia wanaume wakiguna, kwa kuwa Evance alikuwa ameshuka kaburini akalala chali, kama watani wafanyavyo hadi walipwe.

"Sitoki," alisema. "Mnampa aliyekufa nyumba kavu, na mimi niliye hai napanga Mzumbe chumba kinachovuja?"

"Toka, mpagazi," ilisema sauti ya mzee, kaka yake Bibi Asia. "Marehemu anasubiri."

"Na asubiri! Mimi kanisubirisha mkungu wa ndizi tangu mwaka jana. Halafu nyie Waluguru mmepima vibaya. Mwili utaenea humu, sikatai. Ulimi je? Chimbeni la pili, la ulimi, na mlifanye refu."

Mvua ilisikika ikipiga majani ya migomba. Kisha mzee akacheka, cheko la kukohoa, na wengine wakamfuata huku majembe yakigongana. Sebuleni wanawake walicheka wakiwa wamezibana khanga midomoni, wakicheka na kulia pamoja, na Hidaya kuliko wote. Mashine ikavuma hata vikombe vikatikisika kabatini. Huko zahanati friji ilishtuka na kuunguruma, na mshale ukasimama, ukaanza kurudi chini.

Mtu alitumwa shambani, na ndizi zikaletwa. Evance aliupokea mkungu, akatoka, akampisha Bibi Asia. Bibi alipokwisha kufukiwa, Evance alikaa kando na ndizi zake akalia hadi akamaliza.

Mkaguzi kutoka wilayani, bwana Deogratias, alifika amevaa gambuti. Alitoa pole, akafungua friji, akasoma kipimajoto, akaridhika. Aliufuata waya hadi sebuleni akaiona mashine, akauliza umeme huu ni wa nini.

"Wa utani," alisema Magreth.

"Watani gani?"

"Wanyamwezi. Wazigua wakipatikana."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni umeme wa jua, akaandika: chanzo mbadala. Zahanati haitafungwa, alisema, na Magreth akarudi mbio kwenye friji yake.

Baada ya arobaini, wakubwa wa ukoo walimkabidhi Hidaya nyumba ya bibi yake, pamoja na mashine iliyokuwamo, maana kwao nyumba hufuata upande wa mama. Ikawa siku tatu za wiki yuko dukani mjini, na zilizobaki anatengenezea simu Lusangwe. Wakati huo ndipo habari ya pili ilipowafikia kutoka wilayani. Kwa kuwa kitongoji kimethibitika kuwa na chanzo mbadala, kimeondolewa kwenye foleni ya kuunganishwa umeme. Waliletewa na pongezi.

Asubuhi yake, siku ya Ijumaa, Evance alipiga simu kama kawaida, na Hidaya akamsimulia. Majirani walikuwa wamejaa na vikombe vyao, hakuna aliyekunywa. Nje nyaya zilipita juu ya paa kuelekea mnarani.

"Nimezunguka nchi hii yote na mizigo ya watu," alisema Evance. "Ila nyie pimbi ndio wa kwanza kuwaona mnakatiwa umeme ambao hamjawahi kuwekewa."

Walicheka wote, hata Magreth, hata kaka yake Bibi Asia aliyekuwa mlangoni na fimbo yake. Kwa cheko hilo moja friji ilikwenda hadi Jumanne.