Wikendi ya Mkono wa Birika

Mume wangu Raphaël ni mkono wa birika, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, maana hata yeye hujisifu kwa hilo. Tangu tutoke Bukavu na kuhamia Stechford hatujawahi kulala hotelini. Majani ya chai nyumbani kwetu huchemshwa asubuhi na kurudiwa jioni. Kwa hiyo Ijumaa ile aliporudi kutoka kazini Hockley na kuniambia kwamba kesho tunakwenda Bath, mji wenye hekalu la kale la Warumi, na tutalala huko, nilijua kuna jambo.

"Hekalu?" nikamwuliza. "Weye shemasi, unanipeleka ku hekalu ya masanamu? Na dimanche, siku ya ibada, kanisa nani atafungua?"

"Batu yote banaendaka kuangalia, Mama Israël. Miaka hii yote ya ndoa sikuwahi kukutembeza."

Mwanamume akiikumbuka ndoa ghafla namna hiyo, ana lake jambo.

Halafu kulikuwa na simu yangu. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameondoka nayo, eti fundi mmoja jirani na karakana yao ataibadilisha kioo. Kioo hicho kilikuwa kimepasuka mwaka mzima, na mwaka mzima alikuwa akiniambia kinaonyesha vizuri tu. Kila Jumamosi mimi humpigia mama yangu Bukavu. Nikamwambia basi nitatumia simu yake.

"Forfait imeisha, dakika hakuna. Utamuita lundi," alisema, yaani Jumatatu, akiwa anaangalia sinki.

Sikuwa mjinga. Niliona wazi kwamba kuna mtu amenitumia ujumbe kunifungua macho, na Baba Israël amewahi kuinyakua simu kabla sijausoma. Na mwanamke mwenyewe nilikuwa nimeshamjua. Jina la Marie-Claire lilikuwa likiwaka kwenye simu yake tangu jana yake. Marie-Claire ndiye kiongozi wa kwaya yetu, mjane, mzuri, anayecheka mpaka wanaume wanageuka. Na mimi ndiye niliyekaa naye alipofiwa na mumewe! Lakini nilifungasha begi la safari. Nilitaka kumkamata vizuri.

Tulipanda basi la bei ya chini kabisa pale Digbeth, na mayai ya kuchemsha na mkate tuliobeba kutoka nyumbani. Hapo nilimtambua mume wangu. Lakini akaniachia kiti cha dirishani, akachukua yai, akalimenya taratibu, akanipa. Katika maisha yake yote mtu huyu hajawahi kunimenyea yai. Nililila.

Bath ni mji mzuri, sikatai. Nyumba zote zina rangi ya mkate uliookwa. Pale kwenye hekalu nilitegemea tutachungulia mlangoni kisha turudi, kwa sababu kiingilio kilikuwa cha kutoa macho. Raphaël akalipa bila kuguna. Ndani kuna bwawa la maji ya kijani yanayofuka mvuke, nguzo pande zote, na uso wa jiwe wa mwanamume mwenye ndevu zilizotapakaa, uliokuwa juu ya mlango wa hekalu zamani. Kuna pia vipande vya madini ya risasi ambavyo watu wa kale waliviandika na kuvitupa majini. Mtu aliibiwa joho lake, akamwomba mungu wa kike wa chemchemi amwadhibu mwizi, na akataja majina ya wale aliowashuku. Yesu anisamehe, niliwaelewa kabisa watu wale. Mimi ningeandika jina moja tu.

Nilipoinua kichwa, Raphaël hakuwepo. Nikamwona kando ya bwawa, amenipa mgongo, simu sikioni. Nikasogea nyuma ya nguzo.

"Hapana, hajajua kitu," alikuwa akisema. "Kesho saa nane tutakuwa tumefika. Utengeneze nyumba vile tulisemezana. Merci, Marie-Claire."

Utengeneze nyumba! Nyumba yangu!

Nilimngoja nje, kwenye benchi. Alikuja na viazi vya kukaanga ndani ya karatasi, vya kununua, vya moto. Akaniwekea mapajani.

"Uko naye ao hauko naye?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Baba Israël, hapana kunichezea. Marie-Claire. Nimesikia yote."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikafurahi, nikidhani ni aibu imemshika.

"Tufike kwanza ku nyumba," alisema.

"Hapa! Sema hapa. Uko naye ao hauko naye?"

Akavuta pumzi, akatazama watu waliokuwa wakipita na watoto wao, akanirudia. "Basi, weka ni vile."

"Vile namna gani?"

"Vile unasema. Sasa kula, tafazali. Utahitaji nguvu."

Nilimzaba kofi. Watalii waligeuka. Raphaël hakugusa hata shavu. Aliinama akaviokota viazi vilivyomwagika, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye karatasi.

Hoteli yetu ilikuwa nje kabisa ya mji, ya wenye malori, na nililala na nguo zangu, uso ukutani. Niliumia, tena niliumia sana, lakini mpango nilikuwa nao. Jumatatu ningepata simu, ningempigia Mama. Mama hakupenda ubahili wa Raphaël tangu siku ya mahari. Akiniambia vumilia, nitavumilia. Akiniambia fungasha, nitafungasha. Sauti yake tu ndiyo ingeamua.

Kesho yake nilikaa kiti cha mbali naye mpaka tukashuka kwenye treni Stechford. Alibeba mifuko yote. Tulipokata kona ya mtaa wetu, niliona sofa yangu.

Ilikuwa nje, mbele ya nyumba, karibu na mapipa ya taka, imefunikwa nailoni. Na viti vyote viwili pembeni yake. Amenitoa! Amenipeleka kutazama mawe ili mwenzangu ahamie! Nikakimbia. Kwenye dirisha la jikoni nikamwona Marie-Claire, amevaa aproni yangu, anakoroga sufuria yangu kubwa, ile ya sikukuu. Mikono iliniwasha. Nilikuwa nakwenda kumpasua kichwa, na ningempasua kweli.

Mlango ulifunguliwa kabla sijaugonga. Kizingitini kulikuwa na viatu vingi sana. Niliviona vile vyeupe vikubwa vya mwanangu Israël, ambaye alipaswa kuwa chuoni Leeds. Na mbele yangu alisimama Yaya Hugues, kaka yetu mkubwa, kifungua mimba wa Mama, anayeishi Lyon, ambaye hajawahi kuja kwangu hata siku ya ubarikio wa mtoto. Hakunisalimu. Nyuma yake akina mama wa kanisa walikuwa wamekaa chini, kwenye magodoro, vitambaa kichwani.

Mwanamke anayefukuzwa hangojwi na magodoro.

Sisi wa Bukavu hatumwambii mtu msiba kwenye simu. Hatumwambii akiwa peke yake, wala ugenini, wala kwa mdomo wa mumewe. Tunamnyang'anya simu, tunamzungusha popote, mpaka watu wake wafike na viti vitolewe, ndipo mkubwa wa ukoo aseme. Hayo nayajua. Marie-Claire alipofiwa, simu yake ilikuwa mfukoni mwangu siku mbili, na nilimdanganya nikimtazama usoni.

"Ni Mama?" nikauliza.

Nilihisi mikono ya Raphaël ikinizunguka kutoka nyuma na kunibana, kama tunavyomshika mtu ili asianguke. Shavu lake liligusa langu. Lilikuwa limelowa, na ni lile lile nililolipiga.

"Ungeniambia," nikamwambia. "Nimekupiga kofi mbele ya batu."

"Kule ungelia na nani?" akanijibu sikioni.

Nikaishika mikono yake kwa nguvu. Yaya Hugues akavua kofia, akaanza kusema.