Kombati ya Sajini Yoeli

Jumatatu asubuhi Sajini Yoeli alimpelekea fundi Mwamvua kombati yake ipanuliwe, mara ya tatu mwaka huu. Mwamvua alikuwa na kibali cha kuwashonea askari wa kambi, na kibanda chake cha Kwa Mrombo kilisifika kwa kutotangaza vipimo vya mtu. Alimzungushia futikamba kiunoni. Haikufika. Akaiunganisha na ya pili.

Sajini alivaa buti mguu wa kulia, ndala mguu wa kushoto. Kidole kilifungwa bendeji, na harufu ya kidonda ilifika hadi kwenye cherehani.

"Kaka Yoeli, hiyo ni sukari. Nenda hospitali leo."

"Ijumaa kuna ukaguzi wa afya, dada. Nikiandikwa mgonjwa, mkataba hauongezwi. Nikishapita nitakwenda."

"Na usipopita?"

"Nitapita," alisema, kama mtu anayetaja jina lake.

Mwamvua akafumua mishono, akatia vipande ubavuni, akaitundika. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, alipofungua mlango, kombati ilishuka msumarini, ikajikung'uta, ikatoka mchakamchaka kuelekea kambini, tupu, mikono ikipanda na kushuka. Muuza maziwa aliipisha njia. Ilirudi saa sita mchana, makwapa yamelowa jasho, cheti cha daktari kikiwa mfukoni: Sajini Yoeli, anafaa.

Sajini alikisoma cheti mara mbili, akafurahi. Hospitali hakwenda. Kulikuwa na zoezi Jumatatu, na kombati ilimwakilisha vizuri.

Wiki iliyofuata askari wengine kumi na tisa walileta za kwao. Kila alfajiri zilikimbia hadi Njiro na kurudi, zikiimba, na kila jioni Mwamvua alilazimika kuzipunguza kiuno. Wenyewe walishinda kwenye benchi lake wakihema, wakinywa soda. Aliwaambia wakapime sukari. Walimjibu kwa adabu kwamba wameshapimwa, wana vyeti.

Siku Yoeli alipofika akitetemeka kwa homa, Mwamvua hakubishana naye. Alifunga kibanda, akaita bajaji, akampakia.

"Mngekuja mwezi uliopita tungekata kidole tu," daktari alisema.

Walikata chini ya goti. Alipozinduka, Yoeli alimkuta Mwamvua kando ya kitanda na uji kwenye chupa.

"Leo imeenda mazoezini?"

"Imeenda."

"Iliongoza?"

"Iliongoza, kaka."

Yoeli alitabasamu, kisha akageukia ukutani, na mabega yake makubwa yakatikisika kwa muda mrefu. Mwamvua alimshika mkono mpaka uji ukapoa.

Siku tatu baadaye mkuu wa kikosi alisimama mlangoni pa kibanda na alama ya cheo kipya.

"Sajini Yoeli anakuwa Sajinitaji. Ishone leo."

"Shikamoo, afande. Yoeli yuko wodini. Amekatwa mguu."

Mkuu aliitazama kombati iliyotundikwa, iliyonyooka, yenye kiuno chembamba.

"Huyu mbona ni mzima?"

Mwamvua alishona taji begani, mshono imara kama kazi zake zote. Kisha akatandaza suruali mezani, akapima mguu wa kushoto chini ya goti, akachukua mkasi. Mkuu akaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Hapo usiguse, mama. Kesho anaongoza gwaride."

Na kesho yake iliongoza.