Chaki ya Bibi Fundi

Bibi fundi alifika chekechea na nia moja: kumtoa mjukuu wake hapo, ampeleke shule ile nyingine, ambako watoto hukaa wima na kujaza madaftari herufi mpaka vidole vife ganzi. Mtoto wa jirani yake, anayesoma huko, alikuwa ameshaandika jina lake kwenye mlango wa choo. Utundu, ndiyo, lakini lilisomeka. Mjukuu wake, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake, hajaleta nyumbani hata kistari.

Darasani alikuta kama soko. Kona hii duka la makopo matupu, kona ile hospitali, na chini sinia za mchanga za kuchorea kwa kidole.

"Shikamoo, bibi," mwalimu alisema bila kuinuka, maana daktari mmoja, mfupi kama stuli, alikuwa akimpima homa kwa kijiko.

"Marahaba. Mwalimu, mimi si mtu wa kuumauma maneno. Hawa wanasoma saa ngapi?"

"Ndiyo wanasoma, bibi. Mwenye duka anaandika bei, daktari anaandika dawa. Wanaanza na mistari ya nyoka nyoka. Taratibu nyoka wanageuka herufi."

"Na wangu ana nyoka wangapi?"

Mwalimu alitikisa kichwa. "Hana. Mchangani anachora vizuri tu. Nikimpa chaki, anaficha mikono. Hata duka la ushonaji nimemfungulia yeye. Nyumbani kuna nini?"

"Kuna uvivu. Amerithi kwa babu yake."

Kwenye duka hilo, Sindano alikuwa na futi shingoni na midomo ameibana, kama mtu aliyeshika pini kwa meno. Alikuwa akimpima mvulana mmoja mnene.

"Simama vizuri, mteja. Mbona unavuta tumbo ndani? Unamdanganya nani?"

Bibi fundi aliyajua maneno hayo. Yalikuwa yake, na sauti ilikuwa yake. Alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekuja na hasira.

"Sasa andika vipimo," mteja alisema. "Chaki hiyo hapo."

Mikono ya Sindano ikaenda mgongoni. "Chaki ni ya bibi. Mtoto akiishika anaharibu nguo za watu."

Kicheko kilimkauka bibi mdomoni. Alilikumbuka koti jeusi la mteja, limejaa mistari myeupe ya chaki, na jinsi alivyovichapa vile vidole vyembamba akisema maneno hayohayo. Kisha alichukua brashi, na koti likawa safi kufumba na kufumbua. Chaki ya fundi kazi yake ni kufutika. Yeye alisahau siku hiyohiyo. Mjukuu alikuwa bado anayo moyoni maneno yale.

Alivuta kiti cha kitoto, akakikalia nusu nusu, magoti yakamjia kifuani.

"Fundi, na mimi mteja. Gauni hili limenipwaya." Akatoa mfukoni chaki yake mwenyewe na kuiweka kwenye kiganja cha mtoto. "Weka alama hapahapa kwenye nguo."

Gauni lilikuwa la bluu iliyoiva, la kutokea. Sindano alimtazama mwalimu, akamtazama bibi. Akachora kistari kimoja kwenye pindo, akafumba macho, akangoja. Hakuna kilichotokea. Akachora cha pili. Halafu nyoka wakatoka, wakapanda ubavuni mpaka karibu na goti, na duara kubwa juu yao.

"Umeandika nini, fundi?"

Sindano alifuata mistari kwa kidole. "Nimeandika, bibi amekonda. Hapa tutapunguza. Na hapa nimeandika, njoo kesho."

"Kesho ya kweli, au kesho yetu mafundi?"

"Ya kweli, mteja."

Mwalimu aliuma mdomo asicheke. "Na lile lililokuleta, bibi?"

"Nitamhamishaje fundi na kazi yangu hajaimaliza?"

Aliondoka bila kujipangusa. Kwenye kichochoro chembamba alipita upandeupande, gauni lisiguse ukuta.