Mchumba wa Kuazima

Mimi Scholastika hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mteja akigeuzageuza vifungo nusu saa dukani kwangu, hapa Mtaa wa Sikukuu, halafu asinunue, namwambia akafunge shati lake kwa pini. Lakini wiki ile ya mwaka themanini na mbili sikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu siiwezi.

Mdogo wangu Kasmir alitakiwa apeleke barua ya balozi kwenye tawi la chama kabla ya Jumamosi. Wakati ule chuo kikuu hukuendi moja kwa moja kutoka sekondari. Unapita jeshini, unafanya kazi, kisha mwajiri wako na balozi wa nyumba kumi wanashuhudia kwamba una tabia njema. Bila hivyo, cheti chako kafungie maandazi. Kasmir alikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa ghala, na mwajiri alikwisha kumwandikia vizuri. Alibaki Bi Mgeni, balozi wetu.

Na mtaa ulishaanza kunong'ona. Kasmir na Safari, seremala wa Mchikichini, hawaachani. Kasmir haoi, Safari haoi, kulikoni?

Mimi nilijua kabla ya mtaa. Kasmir alipokuwa kidato cha tano niliikuta sandukuni mwake barua ya mapenzi kutoka kwa mvulana mwenzake wa shule. Nikaichoma mbele yake, nikamwambia nikisikia tena jambo hilo asinijue. Wazazi wetu walikuwa kijijini Kibosho na mimi ndiye niliyemsomesha, kwa hiyo neno langu lilikuwa zito. Muhula ule kijana aliyekuwa wa pili darasani akawa wa pili kutoka mwisho. Kidato cha sita akafeli. Aliurudia mtihani baadaye, akijisomea mwenyewe kila atokapo ghalani, akafaulu vizuri. Nafasi ikipotea mara hii, hakuna nyingine.

Basi nikaamua kumwazimia mchumba. Celina tulikuwa tukiimba naye kwaya moja. Nikamwomba aje siku moja tu, balozi amwone kwa macho, mnong'ono ufe. Celina alisitasita, akasema ana mambo yake, nami sikumpa nafasi ya kuyaeleza. Kasmir alikataa katakata. Nikamfokea mpaka akachoka.

Alhamisi saa kumi jioni tukaingia kwa Bi Mgeni, tukamkuta mkekani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Nikamtambulisha Celina kwa mbwembwe zote: mchumba wa Kasmir, mahari tumeshapeleka nusu, Mungu akipenda ndoa mwakani. Kasmir alikuwa anatazama sakafu. Bi Mgeni akasukuma mchele kando, akachukua kalamu na fomu ya barua ile iliyotoka tawini.

"Unakaa wapi, mwanangu?" Bi Mgeni akamuuliza Celina.

"Mchikichini, Bibi."

"Balozi wako nani?"

"Mzee Isidori."

"Ahaa! Kumbe ndiye wewe Celina binti Leodegar? Mbona juzi kikaoni Isidori kaniambia kakuandikia kibali cha sukari ya harusi? Bwana harusi dereva, anakaa Morogoro. Sasa unaolewa na wangapi?"

Mwaka ule sukari ilikuwa haipatikani. Mwenye harusi alianzia kwa balozi wake, na mabalozi hawana siri ya sukari. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, hata kanga ya kumvisha Celina, sikufikiria sukari.

"Nilitaka kukwambia, dada Skola," Celina akanong'ona.

Bi Mgeni akafunika kalamu yake. "Njia ya mwongo fupi, Skola. Fomu hii inaniuliza kama kijana ni mkweli. Niandike nini?"

Nilikuwa nimemponza mdogo wangu mara ya pili.

Kasmir akainua uso. "Bibi, dada amesema uongo kwa ajili yangu. Mimi sina mchumba na sitaoa mwanamke. Ninayempenda ni Safari. Kama hiyo ndiyo tabia mbaya, andika. Ila usiandike kwamba mimi ni mwongo."

Nilisikia wachukuzi wanapigiana kelele barabarani.

Bi Mgeni akamgeukia. "Mwanangu, mimi nimezaliwa mtaa huu. Watu kama wewe sikuanza kuwaona leo. Wametupigia ngoma harusini, wametubebea majeneza. Fomu inaniuliza mambo manne: mwizi, mlevi, mvivu, mwongo. Hilo la nne ndilo nusura dada yako akutie ndani yake. Unampenda nani, haikuuliza, nami nisipoulizwa sisemi." Akafunua kalamu. "Na haya yamekwisha humu humu. Celina, umesikia? Nje huko si kila mwenye masikio ana akili."

Akaandika taratibu, akitamka kila neno: kijana huyu ni mchapakazi, hana makuu, na anasema kweli hata ikimgharimu. Akatia sahihi. Nililia kama mtoto, wala sikuona haya. Mzigo wa miaka sita ulikuwa umenitoka mabegani.

Celina akashika njia ya kwao. Mimi na Kasmir tukaenda pamoja kuelekea tawini, barua mkononi mwake.

"Hukumwogopa Bi Mgeni?" nikamuuliza.

"Bi Mgeni?" Akacheka kidogo. "Dada, mimi miaka yote hii namwogopa mtu mmoja tu. Nilidhani nikilisema lile neno mbele yako, sitakuwa na kwetu."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana ndivyo nilivyozoea.

"Jumapili," nikasema, "mlete Safari aje kula."

Kasmir akasimama katikati ya barabara. Mwenye mkokoteni akamfokea apishe njia, akamtukana mpaka baba yake, na yeye hakusogea, ananitazama tu huku akicheka na machozi yanamtoka.