Msimamizi wa Anga ya Atlantiki

Tangu binti yake Firdausi aajiriwe kuhudumia abiria kwenye ndege za shirika moja la Uarabuni, Isihaka, muuza vitenge wa sokoni Kasulu, alijipa kazi ya pili isiyo na mshahara: kusimamia ndege zote zinazovuka bahari ya Atlantiki. Mwenyewe hajapanda hata ile ya Kigoma. Lakini alikuwa na simu yenye ramani ya safari za ndege, zikifuatana juu ya maji kama siafu, na kwa mtu wa kipaji chake hiyo ilitosha.

"Hizi zinatoka Amerika," alimwambia Marselino, mkulima wa Nyakitonto aliyekuja kumnunulia mkewe kitenge. "Moja inapita juu, nyingine chini. Firdausi yumo humu." Akagusa alama moja kwenye kioo.

"Na hiki cha maua bei gani?"

"Subiri, wanaingia kwenye upepo."

Marselino alisubiri. Upepo ulikuwa mrefu, akaenda kukinunua kwenye duka la jirani.

Ghafla alama ya ndege ile ikageuka katikati ya bahari, ikaanza kurudi ilikotoka. Isihaka akafunga duka, akalitangazia soko, akaenda nyumbani na kundi zima nyuma yake. Mikeka ikatandikwa, dua ikaanza. Machozi yalimtoka, na hayo hayakuwa ya maonyesho.

Mkewe, Mwamvua, alitoka jikoni. "Nani kafa?"

"Ndege ya mtoto imegeuka."

Mwamvua akachukua simu yake, akapiga. Jambo hilo mtaalamu hakuwa amelifikiria.

"Mama? Niko chumbani, nafua," sauti ya Firdausi ilisikika. "Si nilikwambia nimebadilishana zamu?"

"Uliniambia. Baba yako alisema nisimvuruge, anaongoza ndege."

Mtu mmoja mkekani alikohoa. Isihaka akapokea simu. Alizoea kumuuliza binti habari za kasi na mawingu, lakini kufua hakuna kasi.

"Umekula?" akasema.

"Bado, baba. Hilo hujawahi kuniuliza."

Wageni walianza kuinuka.

"Mnakwenda wapi?" Mwamvua akawauliza. "Ndege imegeuka kweli, na humo mna watoto wa wenzetu."

Wakakaa tena, wakaomba, ingawa bila ile bidii ya mwanzo. Baadaye ndege ilitua salama; abiria mmoja alikuwa ameugua. Isihaka hakuiona ikitua. Alikuwa uani, simu sikioni, akimsikiliza binti akilalamika kuhusu mwenzake wa chumba anayemaliza sukari.