Unakwenda Wapi, kwa Kiitaliano

Mama mkwe alifunga mlango, akautumbukiza ufunguo kifuani, akajitupa kwenye kochi.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, si unajua? Leo ndiyo mtihani."

"Haya, nenda. Pita dirishani."

Dirisha lina nondo. Mume wangu yuko Italia mwaka wa pili sasa, na tulishakubaliana: nikifaulu mtihani wa kuongea Kiitaliano, anatuchukua, mimi na binti yetu. Mama mkwe, mimi niende hata mwezini, hajali. Asichotaka kusikia ni mjukuu wake kuondoka.

Nikampigia mwalimu kumwambia nimekwama. Akasema tufanye hapo hapo kwenye simu. Nikaweka spika, maana mtoto alikuwa amenilalia begani.

"Dove vai?"

"Anasema nini huyo?" mama mkwe akadakia.

"Ananiuliza ninakwenda wapi."

"Hata yeye! Kumbe si mimi peke yangu mwenye kiherehere."

"Vado in Italia," nikajibu.

"Con chi?"

"Na sasa?"

"Anauliza na nani."

"Mwambie peke yako!"

"Con mia figlia." Hakuhitaji kutafsiriwa, aliona nilivyomkumbatia mtoto. Akasimama.

"Mwizi wa watoto wewe! Umeingia humu na begi moja, leo unataka kutoka na damu yangu?"

Mwalimu akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni bibi, la nonna. Akauliza tena, polepole, swali lisilokuwemo kitabuni.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama na wewe unakuja."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, hata mwanawe.

"Mimi? Kwenye barafu? Siji! Wanasemaje, siji?"

"Non vengo."

Akaninyang'anya simu. "Non vengo!" akafoka kama anayefukuza mbwa jikoni. "Umesikia wewe? Non vengo!"

"Bravissima!" mwalimu akamsifu, akicheka.

Nilimaliza mtihani nimesimama, na nikafaulu. Mama mkwe hakunipa hongera, wala ufunguo hakuutoa. Alinichomolea mtoto begani, akarudi naye kochini akiwa amenipa mgongo.

"Bibi haji," nikamsikia akimnong'oneza. "Ila wewe uvalishwe soksi mbili mbili. Huyo mama yako anajua nini kuhusu baridi?"