Sikio la Fideli na Gari Jekundu la Maulidi

Pale Benaco, gari lako likianza kutoa mlio usiouelewa, hukosi mtu wa kukuambia umpelekee Fideli Sikio. Jina la ubatizo ni Fideli tu. Hilo Sikio walimpa madereva wa malori, kwa sababu hakuwa fundi wa kukimbilia spana. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Beringi ya tairi la nyuma, kushoto," na ukifungua unaikuta imekwisha hapo hapo alipokuonyesha. Ufundi aliuokota kwenye malori ya misaada enzi za kambi za wakimbizi, na tangu hapo sikio ndilo lililomlisha, likamlipia mahari ya Generoza, likamjengea nyumba ya matofali nyuma ya gereji. Mtu kama huyo thubutu kumwambia hasikii, uone atakavyokutimua.

Asubuhi ya siku ninayoisema, Fideli alikuwa amechafukwa tayari. Binti yake Ineza, mtoto wa darasa la pili aliyempata ukubwani, alikuwa ameacha kumsalimia. Zamani hata uso hajanawa, shikamoo ilishafika. Siku hizi anapita zake, au anasimama mlangoni anamtazama baba yake kama anayemdai kitu. Fideli alivumilia, akasema utoto, lakini Jumamosi ile uvumilivu ukamwishia.

"Simama hapo mlangoni," alimwambia. "Hutoki mpaka unisalimie."

Mtoto akasimama. Midomo ikamchezacheza kidogo, na hapo ndipo Fideli alipopandwa na hasira zaidi. "Na kununa unanuna, na kunung'unika unanung'unika?" Machozi yakaanza kumtoka Ineza. Generoza alikuwa shambani, kwa hiyo hakuwepo wa kuamua ugomvi ule. Fideli akamwacha mtoto pale pale, akaenda zake gereji ameumia, maana yule binti alimpenda kuliko roho yake na hakujua amemkosea nini.

Hajakaa sawa, likaingia gari jekundu la spoti, milango miwili, limelala chini hata kuku wa jirani hawezi kupita uvunguni. Akashuka Maulidi, kijana wa familia moja ya Kiislamu yenye duka la vitambaa Biharamulo mjini.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba! Umeona?" Fideli alimgeukia Bulugu, mchomeleaji wa banda la pembeni. "Mtoto wa watu ametoka Biharamulo huko, anajua kusalimia."

Maulidi hakuwa na muda wa hayo. Gari amelinunua kwa Anuar, mume wa dada yake, halijamaliza hata mwezi, na sasa injini inagonga. Fundi mmoja wa huko kwao kamwambia afungue injini yote. "Nikasema sifungui kitu mpaka Fideli Sikio alisikilize. Ukisema wewe, basi. Na kama ni kweli injini imekufa, Anuar kaniuzia mbuzi kwenye gunia. Nitampigia simu leo leo, na dada yangu achague, mimi au mumewe."

"Washa," alisema Fideli.

Injini ikanguruma vizuri, nzito, imetulia. Fideli akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, akapita kila mahali. Safi kabisa.

"Halilii hapa," alisema Maulidi. "Mpaka upande mlima."

Wakatoka hadi mlima wa kuelekea Ngara mjini, Maulidi kwenye usukani. Gari likaanza kupanda. Maulidi akakunja uso mara moja. "Unasikia? Hiyo! Hiyo hapo!"

Fideli alisikia ngurumo ya injini, alisikia matairi kwenye lami, alisikia lori linaloshuka. Basi. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. "Kanyaga tena," alisema. Maulidi akakanyaga. "Hiyo, fundi! Jamani, mbona inatisha hivi?" Fideli akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepima jambo, kumbe hana hata cha kupima.

Alidhani kijana amechanganyikiwa na woga. Waliporudi akamchukua Bulugu, pande la mtu, akakunjwa kwenye kiti cha nyuma magoti yakimgusa kidevu. Wakapanda tena. Kabla hawajafika katikati, Bulugu akapiga kelele, "We! Sikio! Sasa hii injini au debe la misumari? Mbona inalia hivyo?"

"Inaliaje?" Fideli aliuliza.

Bulugu akacheka mpaka gari likatikisika. "Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye Sikio?"

Hapo kichwa kikaanza kumzunguka. Wamepanga? Bulugu kwa utani wake anaweza, lakini kijana huyu ana machozi kabisa machoni. Au gari lina jambo lake? Fideli hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, ila siku ile alijikuta anachungulia chini ya kiti. Alitoka jasho na kioo kiko wazi. Walipofika gereji wote wawili wakamtazama, wakisubiri neno, na Fideli akaona miaka yake yote ya kusifiwa imemsimamia mbele. Akasema kile ambacho fundi yeyote hukisema akitaka kuonekana anajua.

"Konrodi."

Maulidi akashika kichwa, maana konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ikifa ni injini nzima kufunguliwa. Akatoa simu. "Namtafuta Anuar."

"Subiri!" Fideli alishtuka mwenyewe kwa sauti yake. "Usimpigie kwanza. Nenda ng'ambo ya barabara ukanywe chai. Nipe nafasi nihakikishe."

"Si umeshasema?"

"Nimesema unipe nafasi, kijana."

Maulidi akaenda, haelewi. Fideli akafungua boneti na kushika spana, lakini mkono ukagoma. Afungue nini? Atenganishe shemeji na shemeji kwa mlio ambao yeye hajausikia? Aliona aibu, na chini ya aibu palikuwa na hofu ambayo hakutaka kuitaja jina.

Generoza akarudi kutoka shambani, jembe begani, Ineza nyuma yake na macho mekundu. Mtoto alipoona gari akasahau kulia. Akamvuta mama yake kanga.

"Baba Ineza, mwanao anaomba umpandishe," alisema Generoza.

Hata ombi analipitisha kwa mama yake, Fideli aliwaza. Lakini akapata wazo. Hawa wawili hawajui injini, na hawajakaa na Bulugu kupanga utani. "Pandeni," alisema.

Wakaenda, Generoza mbele, Ineza nyuma. Mlimani Fideli akakanyaga mafuta na kusubiri. Hakuna kitu. Akakanyaga zaidi. Hakuna kitu. Generoza akamgeukia.

"Mbona humjibu mtoto?"

"Nimjibu nini?"

"Anakuambia vikombe vinagongana mbele huko."

"Amesema saa ngapi?"

"Sasa hivi! Amerudia mpaka nimeona vibaya mimi. Lakini Baba Ineza, una nini wewe? Mtoto akikusemesha unamtazama tu kama ukuta. Anasema asubuhi amekuamkia hadi koo limemkauka, unamwacha mlangoni analia. Nimemkuta bado amesimama. Nilikuwa nasubiri tufike nyumbani nikuulize."

Mguu wa Fideli ukatoka kwenye pedeli wenyewe. Gari likapungua mwendo, likajiegemeza kando ya barabara. Alikumbuka midomo ya mtoto pale mlangoni. Alikumbuka na mengine: simu inayoita mfukoni mpaka aguswe bega, nyenje ambao alidhani mwaka huu hawakuja, grenda ya Bulugu ya kukatia vyuma ambayo zamani ilimkera na sasa hata haimsumbui. Akatazama kioo cha ndani.

"Ineza, mwanangu. Sema kitu."

Midomo ya mtoto ikafunguka, ikafunga. Fideli aliona kila kitu, hadi pengo la jino lililong'oka. Sauti haikuja.

"Kasemaje?" alimuuliza mkewe.

Generoza alimtazama, na ukali wote ukamtoka. Akaelewa. "Kasema, baba, mbona umesimama?"

Fideli alitaka kulia pale pale. Akajikaza kisabuni, akageuka nyuma mzima mzima ili mtoto amwone uso. "Sikiliza, mama. Masikio ya baba yameharibika. Sikujua. Nisaidie kazi. Ukisikia vikombe, inua mkono. Vikinyamaza, shusha. Umeelewa?"

Ineza akaitikia kwa kichwa, akakaa ukingoni mwa kiti, mzito kama hakimu.

Gari likapanda. Fideli akakanyaga mafuta, jicho moja barabarani, jingine kwenye kioo. Mkono mdogo ukapanda. Akaachia, mkono ukashuka. Akakanyaga, ukapanda. Walipofika tambarare mkono ukatulia mapajani, na hapo akavumisha injini gia ikiwa huru, kwa nguvu, na mkono haukunyanyuka.

Basi si konrodi. Konrodi iliyokufa haichagui mlima. Ungeisikia ukiachia mafuta, ungeisikia gari likiwa limesimama, na mlio wake ni mzito kama mchi kwenye kinu. Mlio huo hata yeye angeupata, sauti nzito bado zinamfikia. Hiki ni kitu chembamba, cha vikombe, kinacholia injini ikielemewa tu. Fideli akajipiga paji la uso. Alijua pa kwenda.

Maulidi alikuwa gereji anasubiri, simu mkononi.

"Umejaza wapi mafuta mara ya mwisho?" Fideli alimuuliza kabla hajazima gari.

"Mafuta? Nyantakara. Nilifuata mahindi, taa ya mafuta ikawaka, vijana wa barabarani wakanimiminia ya chupa."

Wakafyonza kidogo kwenye tangi kwa mpira. Bulugu akanusa, akarudi nyuma. "Mafuta ya taa haya! Yamechakachuliwa. Hapa unaweza kupikia ubwabwa."

"Injini ya spoti inadeka," Fideli alieleza. "Ukiipa uchafu huu, moto unalipuka kabla ya wakati wake, na vyuma vinalia. Tungeendelea hivi hivi, hizo pistoni zingetoboka kweli. Anuar hana kosa."

Wakamwaga yote, wakajaza petroli safi ya kituoni. Maulidi akapanda mlima na kurudi huku anapiga honi njia nzima. Aliruka chini, akamkumbatia fundi na mafuta yake yote mwilini. "Sikio! Sikio ni wewe! Lakini mbona ulisema konrodi?"

Hapo Fideli angeweza kucheka na kusema alikuwa anamjaribu. Wangeamini wote. Akanawa mikono polepole kwanza.

"Nilikudanganya," alisema. "Huo mlio sikuusikia. Sikuusikia mara ya kwanza, sikuusikia ya pili, na mpaka sasa sijausikia. Kausikia huyu." Akamwonyesha Ineza, aliyekuwa anajitazama kwenye bodi ya gari jekundu.

Maulidi alimtazama mtoto, akamtazama fundi, akamtazama mtoto tena.   Bulugu, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaenda bandani kwake, akaichomoa grenda kwenye umeme ingawa kazi ilikuwa haijaisha.

Generoza alisema Jumatatu waende hospitali wote watatu, na Fideli hakubisha. Usiku kucha aliwaza madereva watasema nini. Lakini jambo lililomnyima usingizi hasa lilikuwa lile la mlangoni.

Jumapili asubuhi alikaa kitandani anafunga viatu vya kanisani. Alipoinua uso, Ineza alikuwa amesimama mlangoni, pale pale pa jana. Mtoto hakusogea. Midomo ikacheza, na pamoja nayo akainua mkono juu, kama ndani ya gari.

"Marahaba, mama," alisema Fideli.

Mkono ukashuka. Halafu ukapanda tena.

"Marahaba."

Ukashuka, ukapanda. Fideli alitaka kuuliza mbona anarudia, ndipo akaelewa kwamba mtoto anamletea zile shikamoo zote ambazo hazikujibiwa. Akaacha viatu, akaenda kuketi sakafuni mbele yake, akaanza kuziitikia moja moja.